Nahodha wa Miaka 20

Siku moja ya mechi ya Test katika kriketi ni ova 90, sawa na mipira 540. Kila mpira unaporushwa, mlinda wiketi huchuchumaa, huinuka kuudaka, kisha huchuchumaa tena. Timu pinzani ikitolewa yote, anavua glavu, anafunga pedi na kushika gongo.

Tatenda Taibu aliianza kazi hiyo angali kijana mbichi. Alizaliwa Mei 1983 na kukulia Highfield, mtaa wa Waafrika jijini Harare. Kriketi ya Zimbabwe ilikuwa mchezo wa Wazungu tangu enzi za ukoloni, hadi makocha walipoanza kuwafuata watoto mitaani. Highfield ikawatoa Taibu na rafiki yake Hamilton Masakadza, na wote wawili wakasoma shule ya Churchill. Taibu alikuwa mfupi, lakini nyuma ya wiketi ufupi si kilema: asiye mrefu hana mbali pa kuinama.

Julai 2001, akiwa na miaka 18, alicheza Test yake ya kwanza dhidi ya West Indies. Glavu alizokuja kurithi zilikuwa za Andy Flower, mpigaji bora kuliko wote waliopata kuichezea Zimbabwe, aliyestaafu baada ya Kombe la Dunia la 2003.

Aprili 2004 mambo yakaharibika. Nahodha Heath Streak aligombana na viongozi wa chama cha kriketi cha nchi hiyo, akaondoka, na wachezaji wazoefu zaidi ya kumi wakamfuata. Unahodha ukamwangukia Taibu. Mwezi huohuo Sri Lanka waliwatoa vijana wake wote kwa mikimbio 35 tu. Mei 6 akaiongoza timu katika Test akiwa na miaka 20 na siku 358. Hadi siku hiyo hakuna nahodha wa Test aliyewahi kuwa mdogo kuliko yeye. Rekodi hiyo ilidumu hadi Rashid Khan wa Afghanistan alipoivunja mwaka 2019.

Januari 2005, jijini Dhaka, alionyesha alichonacho. Dhidi ya Bangladesh alipata mikimbio 85 bila kutolewa, kisha 153, huku akilinda wiketi na kupanga wachezaji uwanjani. Mechi ikaisha sare.

Novemba mwaka huo alijiuzulu baada ya kuvutana na viongozi wa chama. Alikuwa na miaka 22, umri ambao walinda wiketi wengi bado wanasubiri benchi.