Mzazi Asiyejua Kiingereza Anaweza Kumsaidia Mtoto Kujiandaa kwa Mtihani

Mkiongea juu ya mtihani wa Kiingereza, mara nyingi husikika mzazi akisema: "Mimi Kiingereza sijui, hayo nimemwachia mwalimu." Ni kweli kwamba kufundisha ni kazi ya mwalimu. Lakini kurudia yale aliyofundishwa ni kazi ya nyumbani, na hapo mzazi ana nafasi kubwa hata kama hajui kusema "good morning".

Mtihani unapima nini?

Mambo ya mitihani yamebadilika. KCPE ya darasa la nane ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Sasa mtoto hupimwa akiwa gredi ya 6 (KPSEA) na tena gredi ya 9 (KJSEA), ambayo ilianza mwaka wa 2025. Matokeo ya gredi ya 6 huhesabiwa asilimia 20 katika alama za gredi ya 9. Kwa hivyo anayeteleza akiwa mdogo hubeba mzigo huo mbele.

Wale wa kidato cha 4 hufanya karatasi tatu za Kiingereza, jumla ya alama 200. Ya kwanza ina uandishi wa kazi za kawaida kama barua, kujaza mapengo, na maswali juu ya kutamka na kuzungumza. Ya pili ni ufahamu, fasihi na sarufi. Ya tatu ni insha.

Majina ni mengi, lakini kazi kubwa ni mbili: kusoma na kuelewa, halafu kuandika na kueleweka.

Kusoma: "Niambie kwa lugha ya nyumbani"

Watoto wengi husoma Kiingereza kama kasuku. Sauti inatoka vizuri, lakini maana haikuingia. Dawa yake ni hii, na haihitaji pesa:

1. Mtoto asome aya moja kwa sauti.
2. Afunge kitabu.
3. Akueleze kwa lugha ya nyumbani au kwa Kiswahili yale aliyosoma.
4. Wewe umuulize: Ni nani? Alifanya nini? Kwa nini? Mwisho ikawaje?

Hapo mzazi asiyejua Kiingereza ni mwalimu mzuri sana. Kwa nini? Kwa sababu mtoto hawezi kukwepa. Akieleza na wewe usielewe, basi naye hakuelewa. Mwambie afungue kitabu asome tena. Usiogope kwamba lugha ya nyumbani itaharibu Kiingereza chake. Anayeweza kueleza jambo kwa lugha yake ameshika maana, na maana ndiyo inayoulizwa katika ufahamu.

Mfundishe pia kusoma maswali kwanza, kisha habari, kisha kurudi kwa maswali. Na jibu litoke katika habari iliyo mbele yake. Kama habari inasema ng'ombe aliugua kwa sababu ya maji machafu, asiandike kupe eti kwa sababu nyumbani kupe ndio wasumbufu.

Kujaza mapengo: soma mpaka mwisho

Tazama sentensi hii: "My mother went to the market and ____ two kilos of beans." Mtoto mwenye haraka ataandika "buy". Lakini neno "went" linaonyesha jambo limekwisha kupita, kwa hivyo jibu ni "bought". Neno la kumsaidia mara nyingi liko kabla ya pengo au baada yake. Asome sentensi yote ndipo ajaze, halafu asome tena kwa sauti ndogo asikie kama inakaa sawa.

Makosa yanayotoka katika lugha zetu

Makosa mengine si ujinga. Ni lugha yetu inayojitokeza ndani ya Kiingereza. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mume na mke, lakini Kiingereza hutenga "he" na "she". Ndiyo maana mtoto huanza hadithi ya shangazi na "she" akamaliza na "he". Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, lakini "knife" na "listen" zina herufi zisizosikika. Tena wengi huandika "did not went" badala ya "did not go".

Mtoto awe na daftari ndogo ya makosa yake mwenyewe. Kila mwalimu akisahihisha, aandike kosa na jibu lake. Wiki chache kabla ya mtihani, daftari hiyo itamfaa kuliko kitabu kikubwa.

Kuandika: kazi za kikundi ni somo

Hapa vikundi vyetu vina utajiri ambao hatuuoni. Katika karatasi ya kwanza ya kidato cha 4, mtoto anaweza kuulizwa aandike kumbukumbu za mkutano, barua rasmi, au maelezo ya kupika chakula. Je, si hayo ndiyo tunayofanya kila siku?

- Mwalike mwanafunzi akae katika mkutano wenu na aandike kumbukumbu kwa Kiingereza: waliofika, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda, yaliyoamuliwa, na nafasi ya sahihi. Karani awe na zake za Kiswahili, kisha walinganishe.
- Mkitaka kumwandikia chifu au afisa wa kilimo, mwanafunzi aandike nakala ya Kiingereza. Barua rasmi huwa na anwani mbili, tarehe na kichwa cha habari. Ikianza na "Dear Sir", humalizika na "Yours faithfully".
- Mama amweleze binti au mvulana jinsi ya kupika githeri. Mtoto aandike vitu vinavyohitajika na vipimo vyake, kisha hatua moja baada ya nyingine.

Kwa insha, asikimbilie kuandika. Kwanza apange kwa maneno machache: nani, wapi, shida gani, mwisho gani. Abakishe dakika tano za kusoma upya na kutazama nukta na herufi kubwa.

Muda ndio shida

Dakika thelathini kila jioni zinashinda usiku mzima wa kukesha wiki ya mtihani. Bandu bandu huisha gogo. Lakini tuseme ukweli: binti akirudi shule huteka maji, hupika, huosha vyombo, na kufikia saa tatu amesinzia. Ndugu yake yuko kitabuni. Halafu alama zikija tunauliza kwa nini msichana ameanguka! Kazi zigawanywe ili kila mtoto apate dakika zake.

Ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni watoto wangapi wa wanachama watafanya mtihani mwaka huu? Wasichana wanapata saa ngapi za kusoma?
2. Tunaweza kupata chumba na taa kwa Jumamosi jioni? Ni kijana gani aliyemaliza kidato cha 4 anaweza kuwasimamia?
3. Nani atamwomba mwalimu karatasi za mitihani iliyopita?