Mchapa fulana, hesabu fremu kabla ya kukopa

Mwenye karakana ya kuchapa fulana anayetaka kupanua biashara hukutana mapema na swali la mtaji. Je, anunue printa ya kutolea filamu, au mashine inayochora moja kwa moja kwenye fremu bila filamu?

Pengo la bei ni kubwa. Printa ya wino ya ukubwa wa A3 pamoja na programu yake hupatikana kwa mamia ya dola hadi elfu chache. Mashine ya moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji wakubwa hufika makumi ya maelfu ya dola. Kwa karakana ndogo ya Kariakoo, hiyo ya pili maana yake ni mkopo, na pengine hati ya nyumba kuwekwa benki.

Kazi yenyewe ilivyo

Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake. Fulana ya rangi 4 inataka fremu 4. Wavu wa fremu hupakwa emalsheni na kukaushwa. Mchoro hutolewa kwa wino mweusi kwenye filamu angavu, filamu hulazwa juu ya fremu, kisha huwashwa taa yenye mionzi ya urujuanimno. Emalsheni iliyopata mwanga hukakamaa. Iliyofunikwa na weusi hubaki laini na kuondoka kwa maji, na hapo ndipo wino utakapopita.

Mashine ya moja kwa moja huruka hatua ya filamu. Huchora kwa wino au nta juu ya emalsheni yenyewe, kisha fremu hupigwa mwanga. Nyingine hutumia leza na kumaliza kazi zote mbili kwa pamoja.

Faida zake ni za kweli. Hakuna vumbi la kioo linaloacha matundu kwenye fremu. Fremu zote za kazi moja huanza kuchorwa kutoka sehemu ileile, hivyo rangi hukutana kwa urahisi na fundi hapotezi muda kuzilinganisha. Lakini faida hizo huja kwa kila fremu inayotengenezwa. Fremu zikiwa chache, faida nayo ni chache.

Hesabu ya mfano

Tuseme mashine inafika karakanani kwa shilingi milioni 80, usafiri na kodi vikiwemo. Tuseme pia inaokoa shilingi 4,000 kwa kila fremu, yaani filamu, wino na muda wa fundi, baada ya kutoa gharama ya wino wake yenyewe.

Karakana ya fremu 8 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, hutengeneza fremu 2,400 kwa mwaka na kuokoa shilingi milioni 9.6. Itahitaji miaka 8 na miezi 4 kurudisha fedha, bila kuhesabu riba. Na kama mkopo ni wa asilimia 15, riba ya deni zima ni shilingi milioni 12 kwa mwaka. Mashine haijaweza hata kulipa riba yake.

Karakana ya fremu 40 kwa siku iko katika hali nyingine. Huokoa shilingi milioni 48 kwa mwaka, na bei ya mashine hurudi kwa mwaka 1 na miezi 8. Msomaji aweke takwimu zake mwenyewe. Njia ya kukokotoa ni hiyohiyo.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni msimu. Uchaguzi Mkuu wa Tanzania huja kila baada ya miaka 5, na miezi ya kampeni hujaza karakana oda za fulana. Usikope kwa kuangalia daftari la miezi hiyo. Tumia wastani wa miezi 12 ya kawaida.

Wa pili ni kazi za kujirudia. Anayechapia shule zilezile kila Januari anaweza kutunza filamu na kuitumia tena mwaka unaofuata. Kwake filamu ni gharama ya mara moja, na akiba inayoahidiwa na muuza mashine hupungua.

Wa tatu ni uchapaji wa DTF, ambao hutoa mchoro wa rangi zote kwenye filamu ya kubandika kwa joto, bila fremu hata moja. Oda za fulana 10 au 20 zenye rangi nyingi zinaweza kuhamia huko. Wakati wa kununua, usichanganye printa hiyo na ya kutolea filamu za fremu. Ni vifaa viwili tofauti.

Usisahau pia dola. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,600 kabla ya kushuka mwishoni mwa mwaka. Ankara ya dola inayosubiri miezi 3 inaweza kuvuruga bajeti nzima.

Ushauri

Karakana ndogo ianze kwa kurekebisha filamu. Fremu nyingi huharibika kwa sababu weusi ni mwepesi: mwanga hupenya na emalsheni hukakamaa mahali isipotakiwa. Programu ya RIP huiamuru printa kumwaga wino wa kutosha na kupanga nukta za vivuli. Filamu nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa printa ya wino.

Anayekaribia fremu 30 au 40 kwa siku aulize mambo mawili kabla ya kusaini: kichwa cha kuchapia kinauzwa bei gani, na fundi wake yuko wapi. Kichwa cha wino kisichofanya kazi huziba, na mashine ikisimama wiki mbili ikisubiri kipuri kutoka nje, mkopo hausimami nayo.

Kwa mwezi mmoja, andika idadi ya fremu kila jioni. Daftari hilo ndilo litakalokuambia kama ni wakati wa kwenda benki.