KACHUMBARI YA STESHENI

Msafiri atokaye Tabora kwenda Mpanda kwa gari la moshi hupitia Kaliua, na stesheni za njiani huwakuta akina mama wauzao kuku. Kuku akiwa amekaangwa barabara, hatuna neno naye. Shaka yetu ni kachumbari. Je, ilikatiwa ubao ule ule uliokatiwa kuku mbichi?

Vijidudu viitwavyo salmonela hukaa matumboni mwa kuku, naye asionekane mgonjwa. Moto wa nyuzi 70 huviua. Lakini nyanya na vitunguu havipiti motoni. Kisu kikivihamishia humo, mlaji huvimeza vikiwa hai. Baada ya saa 6 hadi 72 huharisha, akashikwa na homa na msokoto wa tumbo. Wengi hupona kwa siku chache wakinywa maji ya kutosha. Mtoto mchanga na mzee wapelekwe zahanati upesi.

Wako wasemao akina mama hawa wafukuzwe. Hatukubali, kwani riziki ya nyumba zao i humo. Yafaa Bwana Afya awahimize kunawa kwa sabuni, nao wapatiwe maji safi karibu na reli, na kila mmoja awe na ubao wa pili. Mbao hazikosekani Mpanda, nchi ya mninga.