Nyumba ya familia kuwa vyumba vya wapangaji

Viwanja vya Sinza na Kijitonyama, Dar es Salaam, vilipimwa miaka ya 1970, na nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa za familia moja: sebule, vyumba vitatu au vinne, choo kimoja. Watoto wameshaondoka, wazee wamebaki, na dalali hachoki kupita: "Mzee, hapa zinatoka masta nane." Zinatoka kweli. Ila dalali anahesabu milango, na kinachoielemea nyumba ni watu.

Tuanze na karo, maana ndilo husahaulika. Karo hufanya kazi kwa kutuliza. Majitaka yakikaa humo kama siku nzima, kigumu huzama na maji hupita kwenda shimo la pili, ambako ardhi huyanywa. Karo la watu sita likianza kupokea maji ya watu kumi na sita, hakuna tena muda wa kutulia. Uchafu unasukumwa hadi shimo la pili na kuziba udongo wake. Mwenye nyumba anaita gari la majitaka. Baada ya mwezi pamejaa tena, anaita jingine. Gari linanyonya maji, haliuzibui udongo. Masika ikiingia, vyoo vinarudisha. Karo kubwa zaidi, au kuunganishwa na bomba la majitaka la DAWASA pale lilipopita, ni gharama ya kupangwa kabla ya vigae na rangi.

Halafu hizo masta, yaani vyumba vyenye choo chake ndani. Bomba la choo la inchi nne linataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kikiwa mita nane ndani ya nyumba, bomba lazima lishuke sentimita 20. Ndiyo maana katika nyumba nyingi zilizogeuzwa unapanda kidato kuingia chooni: fundi hakutaka kuvunja sakafu, akaamua kuinyanyua. Mimi ningeweka vyoo vyote kwenye ukuta wa nje, hata kama vyumba viwili vitakosa masta. Choo cha kuchangia, kikiwa safi, hakimkimbizi mpangaji.

Chumba kisicho na dirisha la nje usikipangishe kabisa. Siku umeme ukikatika mpangaji ataingiza jiko la mkaa, na hewa yake inaua mtu usingizini. Kibali cha halmashauri nacho kinahitajika hata kwa marekebisho ya namna hii, si kwa nyumba mpya tu.

Umeme ndio wenye hesabu ya kushangaza. Laini ya soketi yenye breka ya ampea 20 inabeba takribani wati 4,600. Birika mbili za wati 2,000 na pasi ya wati 1,000, saa kumi na mbili asubuhi, zimeshavuka. Breka inakata, wapangaji wanalalamika, fundi anabandika breka ya ampea 40. Malalamiko yanaisha, na waya uleule unaanza kuchemka ndani ya ukuta. Dawa ni kuongeza laini.

Sasa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kwa bei zilizowekwa 2016, uniti moja pamoja na makato ni Sh122 kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na takribani Sh356 kwa mwingine. Vyumba vinane vinavyotumia uniti 40 kila kimoja vikichangia mita moja, jumla ni uniti 320, karibu Sh114,000. Kila chumba kikiwa na mita yake katika kundi la watumiaji wadogo, jumla yote ni Sh39,040, na ule ugomvi wa nani ana friji unakwisha. Mita zikiongezeka, fuatilia kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU: jengo ni moja, lisikatwe mara nane. Na kwa kuwa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, mpangaji aliyekatwa afidiwe kwenye pango.