Begi la Chini ya Kiti: Kanuni za Mizigo ya Mkononi katika Ndege za Bei Nafuu

Shirika la ndege la bei nafuu huuza kwanza kiti, kisha huuza kando karibu kila huduma ambayo mashirika ya zamani yalizoea kuijumuisha katika nauli moja, iwe ni chakula, nafasi ya kuchagua kiti au usafirishaji wa mizigo. Nauli ya msingi, yaani ile bei ndogo inayomvutia mteja anapotafuta tiketi, mara nyingi humpa abiria haki ya kuingia na begi moja dogo linalotosha chini ya kiti kilicho mbele yake, na si zaidi ya hapo. Begi hilo ndilo linaloitwa mzigo binafsi, nalo lina kanuni zake mbali na begi la mkononi, ambalo ni kubwa zaidi, mara nyingi lenye magurudumu, na huwekwa katika makabati yaliyo juu ya vichwa vya abiria. Aina ya tatu ni mzigo wa kukabidhi, unaopimwa uzito kwenye kaunta na kusafiri tumboni mwa ndege. Malalamiko mengi huzaliwa pale ambapo abiria amelipia haki ya aina ya kwanza, akafika uwanjani na begi la aina ya pili.

Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 2006 Ryanair, shirika la Ireland, lilianza kutoza mizigo ya kukabidhi, kwa kuwa kila sanduku lisilokabidhiwa huipunguzia kampuni gharama ya wapakiaji na ya kaunta. Abiria nao wakajihami kwa njia iliyokuwa wazi kabisa, wakaacha kukabidhi na kuingia na masanduku yao ndani ya ndege, hadi makabati ya juu yakawa hayatoshi. Ndege aina ya Boeing 737-800 kama ilivyopangwa na Ryanair ina viti 189, na makabati yake hayawezi kupokea masanduku 189 ya magurudumu, hivyo mabegi ya waliochelewa kupanda yalilazimika kurudishwa mlangoni na kushushwa chini dakika za mwisho. Kwa kampuni iliyojenga biashara yake juu ya kuigeuza ndege uwanjani kwa takribani dakika 25, kila dakika inayopotea katika ujia kati ya viti ni hasara, kwa sababu ndege huingiza fedha ikiwa angani. Spirit ya Marekani ilikwishatangulia kutoza begi la kabati la juu mwaka 2010, na ilipofika Novemba 2018 Ryanair ilibakiza bure begi dogo peke yake, huku begi la kilo 10 likiwa la kulipiwa.

Kwa hiyo kipimo cha begi kinapaswa kusomwa kama sehemu ya bei. Kipimo cha bure cha Ryanair cha mwaka 2018 kilikuwa sentimita 40 kwa 20 kwa 25, ambacho ni ujazo wa lita 20, na mwaka 2025 kikaongezwa kuwa 40 kwa 30 kwa 20, yaani lita 24, sawa na kile cha Wizz Air ya Hungaria. easyJet ya Uingereza, iliyobadili kanuni zake Februari 2021, huruhusu sentimita 45 kwa 36 kwa 20, yaani lita zipatazo 32. Tofauti kati ya lita 24 na 32 ni viatu na sweta, na begi lililopita bila swali wakati wa kwenda kwa shirika moja linaweza kutozwa wakati wa kurudi kwa shirika jingine. Vipimo hivi hujumuisha magurudumu, mpini na mifuko ya nje, na hupimwa begi likiwa limejaa, kwa kulitumbukiza katika kisanduku cha chuma kilichosimamishwa karibu na lango la kupandia. Ndiyo maana begi laini la mgongoni, linalokubali kubonyezwa, humfaa abiria wa nauli ya msingi kuliko kisanduku kigumu chenye vipimo vilevile.

Jambo zito zaidi ni wakati wa kulipa. Nafasi ya begi la mkononi huwa nafuu inaponunuliwa pamoja na tiketi, hupanda baadaye, na langoni huwa ghali kiasi cha kuweza kuizidi nauli yenyewe. Mashirika hueleza kwamba bei ya langoni ni ya kuwazuia watu wasivunje utaratibu, na hoja hiyo ina uzito, kwa maana anayelipa mapema huiwezesha kampuni kupanga makabati yake. Hata hivyo, bei inayotangazwa bila begi ambalo msafiri wa kawaida hawezi kulikwepa humnyima mnunuzi uwezo wa kulinganisha, na hapo ndipo sheria inapopaswa kuingia.

Sheria imeingia, ingawa bila kumaliza ubishi. Tarehe 18 Septemba 2014, katika shauri la shirika la ndege la Vueling, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mzigo wa kukabidhi unaweza kutozwa kando, lakini mzigo wa mkononi kimsingi ni sehemu ya lazima ya safari na hauwezi kuongezewa bei, mradi uwe na uzito na ukubwa wa kuridhisha na utimize masharti ya usalama. Neno “kuridhisha” ndilo lililoacha mlango wazi: mashirika husema begi la chini ya kiti linatosha, nao watetezi wa abiria husema halitoshi. Novemba 2024 wizara ya Hispania inayoshughulikia haki za walaji iliyatoza mashirika matano, yakiwamo Ryanair, easyJet na Vueling, faini ya jumla ya euro milioni 179 kwa sababu ya tozo hizi na nyingine, na mashirika yakaipinga. Hadi kipimo kimoja kiandikwe ndani ya sheria yenyewe, abiria ataendelea kubeba mzigo wa ubishi ambao si wake.

Mtindo huu ulifika Afrika Mashariki kupitia mashirika mawili: fastjet, iliyoanza kuruka kutoka Dar es Salaam Novemba 2012, na Jambojet ya Kenya, iliyoanza Aprili 2014. Katika safari za kanda hii na za Ghuba, kikwazo cha kwanza mara nyingi ni uzito, na kilo 7 ni kikomo kinachokutwa kwa mashirika mengi, kwa hiyo mizani ya nyumbani ina msaada zaidi kuliko utepe wa kupimia.

Begi linapochukuliwa langoni na kupelekwa tumboni mwa ndege, hadhi yake kisheria hubadilika. Kwanza, abiria hana budi kuondoa pawabenki na betri za akiba za lithiamu, ambazo haziruhusiwi katika mizigo ya kukabidhi kwa hofu ya moto, pamoja na dawa na hati. Pili, kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, shirika huwajibika kwa begi lililobaki na abiria ikiwa tu uharibifu umetokana na kosa la shirika au watumishi wake, ilhali begi lililokabidhiwa huwa chini ya dhamana ya shirika hata pasipo kuthibitishwa kosa, isipokuwa hasara imetokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Kikaratasi cha utambulisho kinachotolewa langoni ni ushahidi wa makabidhiano hayo na kinafaa kutunzwa, kwa kuwa lalamiko la begi lililoharibika linatakiwa kufikishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu lilipopokelewa.