Mhitimu wa Fizikia ana mengi ya kufanya mbali na ualimu

KILA mwaka vyuo vikuu vyetu huwafuzisha vijana waliosomea shahada ya sayansi katika Fizikia. Punde wanapovua joho, jamaa na marafiki huwauliza swali moja: utafundisha wapi?

Swali hilo huwakatisha wengi tamaa. Aliyesomea Fizikia pasi na masomo ya elimu hawezi kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, hadi apate stashahada ya uzamili katika elimu. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo huanza kushuku kwamba alitupa mali yake.

Ukweli ni kwamba nadra mno kuona tangazo la kazi linalomtaka "mwanafizikia". Mwajiri humtaka mtu wa kupima na kukokotoa, kisha huipa kazi hiyo jina jingine. Mhitimu anayetafuta jina la somo lake huambulia patupu, ilhali kazi zenyewe zipo.

Mathalan, mgonjwa wa saratani anapotibiwa kwa miale, daktari huamua kiasi anachohitaji. Mwanafizikia wa tiba ndiye hukokotoa jinsi miale itakavyoelekezwa na kuhakikisha kuwa mashine inatoa kiasi hicho barabara. Ikipungua, uvimbe husalia. Ikizidi, huunguza viungo vizima. Huduma hii sasa inapatikana hata nje ya Nairobi, na kila mashine huhitaji mtu wa kuikagua mara kwa mara.

Mfano wa pili ni Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981. Kabla ya kisima kuchimbwa, wataalamu wa jiofizikia hupima jinsi miamba inavyopitisha umeme ili kubaini palipo na maji moto. Kisima kimoja huweza kufika kina cha kilomita tatu na kugharimu mamilioni ya dola. Anayekosea kupima husababisha hasara kubwa.

Aidha, kuna maabara za vipimo za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Sheria ya mwaka wa 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti matumizi ya nyuklia, ambayo kazi yake ni pamoja na kusimamia usalama wa mashine za eksirei. Setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa Aprili 15, 2023, nayo ilidhihirisha kwamba sayansi ya anga za juu si ndoto tena nchini.

Benki na kampuni za bima pia huwahitaji watu wanaoweza kuchanganua takwimu nyingi kwa kompyuta, ujuzi ambao mwanafunzi wa Fizikia huupata akifanya majaribio yake.

Hata hivyo, shahada ya kwanza pekee haitoshi. Fizikia ya tiba huhitaji shahada ya uzamili na mazoezi hospitalini. Jiofizikia huhitaji ujuzi wa miamba. Nayo benki itauliza iwapo unaweza kuandika programu.

Kwa hivyo, ni heri mwanafunzi ateue njia yake angali chuoni, ikiwezekana katika mwaka wa tatu, na atafute nafasi ya mafunzo ya nyanjani katika taasisi inayohusika. Anayengoja hadi siku ya mahafali huwa amechelewa.