Siku 45 za Mtumishi wa Umma: Haki Inavyopotea kwa Kuchelewa

Nchini Tanzania, mtumishi wa umma aliyefukuzwa kazi anaweza kuwa na hoja nzito, mashahidi wa kutosha na nyaraka zilizokamilika, lakini akakosa haki yake bila hoja hata moja kusikilizwa, kwa sababu tu aliwasilisha shauri lake nje ya muda. Kanuni inayoleta matokeo hayo huitwa ukomo wa muda, yaani kipindi kilichowekwa na sheria ambacho kikipita shauri halisikilizwi tena, hata kama mdai amedhulumiwa waziwazi.

Ukomo una sababu zake za msingi, kwani ushahidi hupotea, mashahidi huhama au hufariki, na mwajiri, hata akiwa Serikali, hapaswi kuandamwa na madai yasiyo na mwisho. Kinachowaumiza watumishi wengi ni kwamba vyombo vya kudai haki ni vingi, kila kimoja kina muda wake, na anayekosea chombo huendelea kuhesabiwa siku.

Mfanyakazi wa sekta binafsi anayepinga kuachishwa kazi hupeleka mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma yuko chini ya utaratibu tofauti, kwa kuwa kifungu cha 32A, kilichoongezwa katika Sheria ya Utumishi wa Umma mwaka 2016, kinamtaka amalize kwanza ngazi zote za rufaa zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kutumia sheria za kazi. Rufaa dhidi ya mamlaka ya nidhamu, yaani kiongozi mwenye uwezo kisheria wa kumwadhibu mtumishi, huwasilishwa ndani ya siku 45, kwa kawaida katika Tume ya Utumishi wa Umma, na asiyeridhika huweza kukata rufaa kwa Rais. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, ilisisitiza kwamba utaratibu huo unawabana pia watumishi wa mashirika ya umma. Hivyo anayefuata ushauri wa jirani aliyeajiriwa kiwandani anaweza kutumia miezi mingi katika tume isiyo na mamlaka, na atakapoelezwa hivyo siku zake 45 zitakuwa zimekwisha.

Madai ya fidia mahakamani nayo yana sharti lake, kwani Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, nakala ikipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 sharti hilo linahusu pia serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma.

Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aonyeshe sababu za msingi kwa hati ya kiapo na, kama Mahakama ya Rufani ilivyoamua katika shauri la Bushiri Hassan, aeleze kila siku aliyochelewa, hata ikiwa moja. Kutojua sheria kwa kawaida hakukubaliwi kuwa sababu, wala uzembe wa wakili. Aliyewahi kufungua shauri kwa wakati lakini likaondolewa kwa kasoro za kisheria hutazamwa kwa huruma zaidi, ilimradi alichukua hatua nyingine mara tu baada ya uamuzi huo.

Haki isiyojulikana muda wake ni haki nusu. Kila barua ya kufukuza kazi inapaswa kutaja chombo cha rufaa na idadi ya siku zilizopo, jambo lisilomgharimu mwajiri zaidi ya sentensi moja. Hadi hapo, kila mtumishi aandike tarehe aliyopokea barua, atafute ushauri wa mwanasheria au chama chake cha wafanyakazi wiki hiyohiyo, na ahakikishe nakala ya rufaa yake imegongwa muhuri wa mapokezi.